Nilimdai Cheti Nisichokihitaji

Mwanzoni mwa mwaka 2014, nikiwa mwalimu wa taaluma katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Ngara, niliwaondoa shuleni vijana ambao hawakuwa wamevunja kanuni yoyote. Hawakuiba, hawakupigana, hawakumvunjia mtu heshima. Alama zao zilikuwa ndogo, basi, na mimi sikutaka zionekane katika matokeo ya kidato cha nne. Niliwatoa kabla dirisha la usajili wa mtihani wa taifa halijafungwa, na nilitumia uongo. Mmoja wao nilimtoa kwa uongo mbaya kuliko wa wenzake, na huo ndio ulionifanya niandike.

Shule siitaji. Imeshapata walimu wengine, watoto wengine na mkuu mwingine, na si haki kuwapaka matope kwa jambo nililolifanya mimi. Mkuu wangu wa wakati ule aliniambia neno moja tu, kwamba wastani upande. Namna ya kuupandisha niliibuni mwenyewe.

Aliyekuwa akifundisha sekondari Februari 2013 hajausahau mwezi ule. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri, kama asilimia 60 ya wote waliofanya mtihani. Nchi nzima ilipiga kelele. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo na kuamuru yapangwe upya. Lakini huku kwetu, katika vikao vya elimu, waliozungumziwa tulikuwa sisi walimu, hasa wa shule za kata. Shule hizi zilijengwa kwa wingi kuanzia mwaka 2006 kwa mawe na mchanga wa wananchi. Nyingi zilifunguliwa zikiwa na vyumba viwili vya madarasa, mkuu wa shule, na walimu wawili watatu wa "voda fasta", vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kukabidhiwa chaki.

Kisha ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zikaanza kupangwa kwa ufaulu na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mpango wenyewe siulaumu. Ulileta mambo ambayo shule yetu haikuwahi kuyaona, hata mazungumzo ya kweli kuhusu mtoto anayeingia kidato cha kwanza bila kujua kusoma. Ila rangi ile iliniingia kichwani. Shule yetu ilikuwa nyekundu. Katika kikao tulisomewa kwa sauti, shule kwa shule, wakuu na walimu wa taaluma tukiwa tumekaa pamoja, na jina letu lilipotajwa niliangalia chini. Nilikuwa kijana, mzaliwa wa Biharamulo, mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kumaliza chuo. Nilirudi Ngara nimeshaamua kwamba hilo halitanipata tena.

Njia za haki zilikuwepo, na nyingine nilizijaribu kwa moyo wote. Tulianzisha masomo ya jioni. Waliokuwa wanatoka mbali walikuwa wamepanga geto karibu na shule, wanne watano chumba kimoja, wanajipikia ugali na maharage kwenye mafiga, na hao nilikuwa nawafuata usiku kuwakuta wakipiga msuli kwa kibatari. Nilikuwa nawanakilia pasti pepa kwa mkono kwa sababu mashine ya kurudufu ilikuwa Ngara mjini na ililipiwa. Fizikia na hisabati kwa vidato vyote vinne nilikuwa peke yangu. Maabara hatukuwa nayo. Agizo la Rais Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu lilitufikia miaka hiyohiyo, na mpaka leo wazazi wanaikumbuka michango yake. Nataja haya ili msomaji aone kwamba nilikuwa mwalimu mwenye bidii. Kosa langu halikutokana na uvivu. Lilitokana na bidii hiyohiyo, nilipoihamisha kutoka kwa mtoto nikaipeleka kwenye wastani.

Hesabu yake ni rahisi mno. Ukiwa na watahiniwa sitini, na kumi na mmoja kati yao unajua watapata sifuri, una njia mbili. Unaweza kuwafundisha hao kumi na mmoja mpaka wapate japo D mbili, kazi ya mwaka mzima isiyo na uhakika. Au unaweza kuhakikisha hawafanyi mtihani. Njia ya pili inamalizika Januari. Mtoto akishasajiliwa, hata asipotokea kwenye chumba cha mtihani anabaki kwenye orodha ya shule. Kwa hiyo anayetaka kumwondoa anamwondoa mapema. Shule binafsi zilikuwa na wastani wa kuvukia darasa, na mtoto asiyeufikia alitafuta pa kwenda. Sisi wa serikali hatukuwa na ruhusa hiyo. Aliyevuka mtihani wa kidato cha pili, ambao mwaka 2012 ulirudishiwa nguvu ya kumkaririsha anayeshindwa, alikuwa na haki ya kufika kidato cha nne na kufanya mtihani. Wote kumi na mmoja walikuwa wameuvuka.

Nilichukua matokeo yao ya kidato cha tatu, ya Desemba 2013. Tulikuwa na karatasi kubwa ya alama, nimeipiga mistari kwa rula, majina kushoto, masomo juu. Nilianza kusoma kutoka chini. Kila jina nililolifikia niliweka nukta ndogo ya penseli pembeni, ndogo ya kufutika, maana moyoni nilijua kwamba jambo hilo si la kuonwa na mtu. Jina la nne kutoka chini lilikuwa la kijana mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa anakaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Sitampa jina hapa, wala la bandia.

Katika fizikia alikuwa amepata 19. Ule mtihani niliutunga na kuusahihisha mimi, kwa hiyo najua 19 hiyo ilivyopatikana. Swali moja lilitaka mwanafunzi aeleze jinsi nishati inavyobadilika katika mtambo wa umeme wa maji. Wenzake wengi walimwaga Kiingereza walichokariri kwenye madesa, nusu sahihi nusu hakieleweki, na niliwapa alama mbili au tatu. Yeye aliandika kwa Kiswahili. Nakumbuka maelezo yake karibu yote: kwamba maji yakiwa juu yamebeba nguvu ambayo bado haijaonekana, yakishuka, nguvu ile inageuka mwendo, mwendo unazungusha chuma, na chuma kile ndicho kinachotoa umeme. Halafu akaongeza kwamba ndiyo sababu wanataka kujenga mtambo Rusumo kwenye maporomoko na si kule mto unakopita taratibu. Mradi wa Rusumo wa megawati 80, wa kwetu na Rwanda na Burundi, ulikuwa bado ni habari za redioni. Kijana alikuwa amezisikia, akaziunganisha na somo langu bila kuelekezwa na mtu. Nilipiga mstari mwekundu jibu zima, nikaweka sifuri, nikaandika pembeni kwamba ajibu kwa Kiingereza.

Kanuni ilikuwa upande wangu. Baraza la Mitihani linataka fizikia ijibiwe kwa Kiingereza, na mwalimu anayemzoesha mtoto vinginevyo anamponza. Lakini nilikuwa na njia ya kumwita, kumpa mkono, kisha kukaa naye tukaligeuza jibu lile kwa maneno ya mtihani. Alikuwa anazungumza Kihangaza nyumbani, Kiswahili alikipata shule ya msingi, na Kiingereza alikikuta kidato cha kwanza siku moja na fizikia, kemia na vingine vyote. Mtoto mwenye akili ile alihitaji mtu wa kumvusha kwenye lugha tu. Nilijua hivyo nilipokuwa naweka nukta ya penseli.

Wazazi niliwaita mmoja mmoja, siku tofauti, wasikutane. Kwa wengi kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Aliyekuwa na deni la ada, na ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, nilimkumbusha deni, nikamwongezea michango mingine, nikamwambia usajili una malipo yake na muda umekwisha. Kwa baba wa binti mmoja nilisema binti amekua, amtafutie ufundi cherehani kabla hajamharibikia. Maneno hayo nilimwambia mzazi kuhusu mtoto ambaye hakuwahi kuniletea tatizo lolote la tabia. Naandika hivi mkono ukiwa mzito.

Baba wa yule kijana hakuwa na deni. Alikuwa analipa kwa maharage: akivuna, anauza, anakuja na noti zimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki, anadai stakabadhi, anaisoma kwanza ndipo anaondoka. Hakukuwa na pa kumshika. Ndipo nilipomdai cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Asiyeijua Ngara anaweza kuliona dai hilo kuwa jambo dogo la ofisini. Ngara imekaa kwenye pembe ya nchi tatu. Kihangaza na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba watu wanaelewana bila mkalimani, na ndoa zimevuka mpaka tangu mpaka haujawekwa. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benaco ikageuka mji wa mahema. Warundi nao walikaa kambi ya Lukole kwa miaka. Miaka yote hiyo mtu wa Ngara amezoea kuulizwa yeye ni nani. Kisha, mwaka 2013, Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera mwezi Julai, aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili wawe wameondoka. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, askari na maofisa wa uhamiaji wakipita vijijini. Ujambazi uliokuwa unatutesa, wa kutekwa magari kwenye mapori ya Biharamulo na Ngara, ulikuwa wa kweli, na wengi tuliishangilia operesheni. Lakini waliochukuliwa hawakuwa majambazi peke yao. Walikuwemo wazee waliolima hapa miongo mingi, walikuwemo watu walioapa kwamba ni Watanzania, na familia ziligawanyika, mama huku, baba kule.

Mama mzazi wa baba wa yule kijana alizaliwa ng'ambo, Burundi, akaolewa Ngara akiwa msichana. Mwanawe ni Mtanzania, na mjukuu pia. Lakini katika miezi ile hakuna aliyetaka kuanza kueleza bibi yake alizaliwa wapi. Nililijua hilo. Kijana mwenyewe aliwahi kuniambia habari za bibi yake tulipokuwa tukizungumza kuhusu mto Ruvubu, akiniamini kama mwalimu wake.

Nilimwamkia mzee kwa heshima zote, nikampa kiti. Nikamwambia usajili wa safari hii unahitaji cheti cha kuzaliwa.

"Wote wanadaiwa, mwalimu?"

"Wote, mzee."

"Na asiye nacho?"

Nikamjibu kwamba asiye nacho, jina lake litaandikwa pembeni, na wahusika watafuatilia uraia wa wazazi. Alishika kofia yake kwa mikono miwili. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akasema, "Basi mwalimu, tutaangalia," akaniaga. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyedaiwa cheti. Wengi wao hawakuwa nacho, kama ilivyokuwa kwa watoto wengi wa vijijini, na wote walisajiliwa.

Wiki iliyofuata dawati la karibu na dirisha lilikuwa halina mtu. Kijana alirudi siku moja kuchukua godoro lake geto. Nilimwona kwa mbali, nikaingia ofisini.

Daftari la mahudhurio ndilo lililomalizia kazi. Mwanafunzi asipoonekana kwa siku 90 mfululizo anaweza kufutwa kwa utoro, na mimi nilihakikisha siku hizo zinahesabiwa bila mtu kwenda kumtafuta. Nikaandika "mtoro" mbele ya jina lake na mbele ya majina ya wenzake. Takwimu za elimu za nchi hii huutaja utoro kuwa sababu kubwa ya wanafunzi wa sekondari kuacha shule. Utoro upo, nimeufuatilia vijijini kwa miguu. Lakini kila nisomapo takwimu hizo najua kwamba baadhi ya watoro wale waliandikwa na mtu kama mimi.

Kati ya wale kumi na mmoja, walioondoka walikuwa tisa. Mmoja wa wawili waliobaki aliokolewa na mama yake, mama muuza mihogo ambaye alikuja na mwenyekiti wa kijiji, akasimama mlangoni pa ofisi, akaniambia mbele ya walimu wenzangu kwamba nimwonyeshe karatasi inayosema mwanawe asifanye mtihani, na kama sina, nimwandike jina akiwa anatazama. Nilimwandika akiwa anatazama. Binti wa mama huyo alifanya mtihani Novemba 2014. Ulikuwa mwaka ule matokeo yalipotolewa kwa mtindo wa GPA, na yeye alipata Pass, ya chini kabisa. Kwa cheti hicho aliingia chuo cha ufundi, na leo anafanya kazi Ngara mjini kwenye chumba alichokodi mwenyewe, ana cherehani na ana wanafunzi wake. Ningefanikiwa, angekuwa mtoro wa kumi.

Matokeo yalipotoka Februari 2015 tulikuwa tumepanda. Nilipigiwa makofi kwenye kikao, nikaitwa mbele nieleze mbinu. Nilieleza masomo ya jioni na pasti pepa. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na nililoliacha ndilo lililoupandisha wastani zaidi. Walimu wa shule nyingine waliandika kwenye madaftari yao.

Kwa miaka kadhaa nilijipa sababu. Nilijiambia nimewaepusha na aibu ya sifuri, kwamba mtoto asiyeweza ni afadhali aanze maisha mapema. Sababu hii bado naisikia kwa walimu, tena walimu wazuri, kwa hiyo niijibu. Aliyepata sifuri ana namba ya mtihani, ana rekodi, anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ameona kwa macho yake mwenyewe alipoishia. Aliyeondolewa kabla ya mtihani hana kitu. Polisi wakitangaza nafasi, kampuni ya ulinzi ikitangaza, mara nyingi wanauliza cheti cha kidato cha nne, na yeye aliyekaa madarasani miaka mitatu anaonekana sawa na aliyeishia la saba. Na Januari 2016, miaka miwili tu baadaye, ada ikafutwa na elimu ya sekondari mpaka kidato cha nne ikawa bila malipo. Wazazi niliowatisha kwa deni, wadogo wa watoto wao walisoma bure katika madarasa yaleyale.

Baadaye nilihamia Biharamulo, nyumbani. Mwaka 2022 nilikuwa Nyakanazi, pale barabara ya kutoka Kahama inapogawanyika, malori mengine yanaelekea Rusumo na Kabanga, mengine Kibondo na Kigoma. Nilikuwa nakunywa chai kwenye mgahawa. Mtu mzima, ovaroli imejaa grisi, alisimama mbele yangu akaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Ni sauti niliyoitambua kabla ya sura.

Alikaa. Alinieleza maisha yake kwa utulivu, kama mtu anayemsimulia mwalimu wake aliyempenda. Alikwenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu huku Biharamulo, akatoka hajapata kitu. Akawa utingo wa malori ya Kigali, sasa anaziba matairi ya malori, ana mke na watoto. Nikamuuliza habari za mzee. Akasema hajafika nyumbani miaka mingi. "Baba alishindwa kunitafutia karatasi moja, mwalimu. Moja tu. Wenzangu wote walitafutiwa."

Nililipa chai, nikaaga, nikaondoka. Sikumwambia. Nimekuja kuungama, kwa hiyo na hili niliseme: nafasi niliipata, ikiwa imekaa mbele yangu na kikombe mkononi, na nilinyamaza. Mwaka 2014 nilijidanganya kwamba namsaidia. Siku ile ya Nyakanazi sikuwa na cha kujidanganyia. Niliogopa tu. Mpaka siku ile nilidhani nilimnyang'anya mtihani. Kumbe nilikuwa nimemnyang'anya na baba, kwa sababu uongo wangu ulihitaji mtu wa kuubeba, na aliyeubeba ni yule mzee.

Miezi ilipita kabla sijarudi Nyakanazi. Nilimkuta akiwa amelala chini ya lori. Nilisubiri amalize, tukaenda pembeni, nikamweleza yote, kuanzia nukta ya penseli. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo hakikuhitajika?"

"Hakikuhitajika."

"Hata kwa mmoja?"

"Hata kwa mmoja."

Akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu sana, kwa sabuni ya unga, mpaka kwenye viwiko. Aliporudi hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba. Aliniambia niende Ngara nikamwambie baba yake mwenyewe, kwa mdomo wangu. "Usinitume mimi."

Nilikwenda. Mzee amezeeka, lakini alinitambua, akaagiza niletewe kiti kama nilivyompa kiti siku ile. Nilipokwisha kusema, yeye naye akanieleza nisilolijua. Alikwenda wilayani kutafuta cheti kile. Alifika mpaka kwenye uwanja wa ofisi, akaona gari la uhamiaji limeegeshwa, akageuka. Nyumbani alimwambia mwanawe kwamba ofisi ilikuwa imefungwa. Baadaye kijana alisikia kwa wenzake kwamba siku ile ofisi ilikuwa wazi, na hapo ndipo walipoachana. Baba hakuweza kumwambia mwanawe kwamba aliogopa. Alikuwa Mtanzania, mlipa kodi, mwenye shamba la urithi, na nilimfanya aogope gari lililoegeshwa.

Hakunifukuza wala hakunipa mkono. Alisema, "Andika, mwalimu. Wewe ni mtu wa kuandika. Andika utie saini, nimwonyeshe mwanangu na ndugu zake." Nikaandika palepale, kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Makala hii imetoka katika karatasi hiyo. Wao wawili wanajua naichapisha na wamekubali, mradi majina yasitajwe.

Nimemwambia yule kijana kwamba mlango wa Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, uko wazi kwa mtu wa hali yake, na kwamba gharama zote ni zangu, kuanzia usajili mpaka vitabu. Hajanijibu, na sina haki ya kumharakisha. Wengine wanane nimeanza kuwatafuta. Baadhi nimewapata, mmoja alishafariki. Kwa mama yake nilikwenda pia.

Mwalimu mwenzangu wa taaluma, kama una orodha yako mwaka huu yenye nukta za penseli, ifute kabla usajili haujafungwa. Wasajili wote. Na wewe mzazi, ukiitwa shuleni ukaambiwa mwanao hawezi kufanya mtihani kwa sababu ya karatasi fulani au mchango fulani, usiondoke kimya. Omba uonyeshwe maandishi, nenda na mwenyekiti wako, nenda kwa afisa elimu sekondari wa wilaya, na ukiweza simama mlangoni mpaka jina liandikwe ukiwa unatazama.

Na kwa mwenye dhamana ya kumbukumbu za shule ile: katika daftari la mahudhurio la mwaka 2014 kuna majina tisa yenye neno "mtoro" kwa mwandiko wangu. Si kweli. Hakuna aliyetoroka, niliwafukuza. Naomba yasahihishwe, na nipo tayari kuja kutia saini.